Mtu Tuliyemchukua Nyumba ya Mahamri

Mabati ya kale yakipigwa na jua la saa nne hutoa harufu yake yenyewe: kutu, lami iliyoyeyuka na kuganda tena mara nyingi, na vumbi la miaka. Ongeza hapo iliki iliyopondwa, tui la nazi na mafuta yanayochemka, na hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu. Najua si harufu ya kujivunia. Wenzangu kazini hukumbushwa utoto na mvua ya kwanza au na maziwa ya asubuhi, nami hunyamaza, kwa sababu nikisema mabati na mahamri wataniuliza maswali, na maswali hayo sina majibu yake. Hata leo sina. Nimeamua kuyaandika haya hivyo hivyo yalivyo, yamechanganyikana, maana nyumba zenyewe zimekwisha kubomolewa na sioni kitakachokuja kunifafanulia.

Tuliishi Kabiria, katika chumba kimoja chenye jiko la nje, baba, mama na mimi. Baba ni seremala. Karakana yake ilikuwa kando ya Barabara ya Ngong, si mbali na Adams Arcade, pale wanapopanga vitanda na makabati karibu na lami ili wenye magari wavione. Nyuma ya nyumba zetu, ukivuka mfereji, kulikuwa na uwanja wa zamani wa ndege. Ndege zilikuwa zimeacha kutua kabla sijazaliwa. Njia yao ilibaki, imepasukapasuka, nyasi zimeota kwenye nyufa, akina mama wakianika mahindi juu yake na sisi watoto tukikimbiza matairi mabovu. Kandokando ya njia hiyo zilisimama nyumba za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hazikuwa na kuta. Bati lilianzia ardhini upande mmoja, likapinda juu, likashuka hadi ardhini upande wa pili, na mbele na nyuma pakazibwa kwa mbao zenye mlango na dirisha. Tuliziita Mapipa, kwa kuwa kila moja lilifanana na pipa lililolazwa chini na kuzikwa nusu.

Mapipa ya upande wa macheo, karibu na barabara, yalikuwa yamepata watu wa kuyatumia. Moja lilikuwa kanisa Jumapili na chekechea siku nyingine, jingine ghala la mbao, na la kwanza kabisa lilikuwa jiko la Bi Mwanaisha. Yale ya upande wa machweo yalizungushiwa seng'enge. Watu walisema ni stoo ya serikali, lakini hakuna aliyejua kimewekwa nini. Mlinzi alikaa langoni na redio yake, na ukimsogelea alikuuliza umetumwa na nani kabla hujafungua mdomo. Sisi watoto tuliyajua Mapipa yote kwa sura zao: lililotobolewa, lililozama, lenye mzinga wa nyuki, na la mwisho kabisa kule machweoni, ndani ya seng'enge, lenye mkaratusi mkubwa mlangoni. Nilikuwa na miaka tisa na ramani ile ilikuwa imenikaa kichwani kuliko jedwali la kuzidisha.

Bi Mwanaisha alikuwa mtu wa Lamu. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa mjini, na wao walipanga nyumba nyuma ya Adams Arcade, ambako mwenye nyumba hakutaka moshi. Basi akakodi Pipa, akaweka meko matatu na meza ndefu, akawa anakaanga mahamri na kuyapeleka madukani kabla watu hawajanywa chai ya saa nne. Mama alinituma kwake karibu kila siku ya likizo. Ukiingia bila kusema shikamoo alikutoa nje uanze upya. "Wewe mtoto wa bara, ulimi umeuacha kitandani?" alikuwa akiniambia, kisha ananipa hamri moja la juu kwa kuwa nimeitikia kicheko chake. Nilimpenda sana mwanamke yule, na nililipenda Pipa lake, ambamo hata katika baridi ya Julai kulikuwa na joto.

Desemba ile, wakati Kabiria nzima ilikuwa inafunga mizigo kwenda mashambani, sisi shamba lilitujia. Nyanya yangu, mama yake baba, alishuka kutoka basi la Vihiga akiwa na kikapu kimoja na tawi la mti lililofungwa kwa jani la mgomba mbichi. Sisi tulimwita Guku, kama nyanya wote wa kwetu wanavyoitwa. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alilisimamisha lile tawi ndani ya kopo la maji kabla hajaketi, akakataa nyama ambayo mama alikuwa amemnunulia, akamwambia baba, "Nimekuja kumchukua baba yako. Nikifa kabla hajarudi, nitalala pale peke yangu kama mtu ambaye hakuolewa."

Nililazimika kumuuliza mama, jikoni, na mama akanieleza kwa sauti ya chini. Babu Alfayo alichukuliwa kufanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ndege za vita, hapo hapo kiwanjani kwetu. Alimwacha Guku na mimba, na mimba hiyo ndiyo baba. Akapata homa, akalazwa katika moja ya Mapipa lililokuwa la wagonjwa, akafa. Alipozikwa hakuna aliyejua. Mtu wa kijijini aliyefanya kazi naye alirudi na blanketi lake na maneno machache: kwamba alilala katika nyumba ya mwisho, yenye mti mbele, na kwamba kila jioni jua liliingia mlangoni likampiga usoni kitandani, akalalamika. Kwetu mtu akifia mbali, mwili wake usipatikane, haachwi huko. Mtu wa kwao huenda mahali alipofia, akalaza hapo tawi la mti wa nyumbani, akamwita kwa jina, akamwambia twende nyumbani, akachota udongo wa hapo. Udongo huo husafirishwa bila kuwekwa chini, na anayeubeba hamsalimu mtu njiani. Nyumbani hukatwa shina la mgomba, likafunikwa kwa blanketi, likazikwa pamoja na udongo ule, na watu wakalia kama wanavyolia maiti yoyote. Guku alikuwa amechelewa kufanya hivyo miaka yote. Kwanza alikuwa na mtoto mchanga, halafu hakuwa na nauli, halafu aliogopa jiji. Sasa kifua kilikuwa kinamsumbua na wazee walikuwa wamekwisha kupanga siku.

Nilipomaliza kusikia hayo nilijua mara moja ni Pipa lipi: la mkaratusi, ndani ya seng'enge. Nikasema kwa sauti, nikijiona nimesaidia. Baba akasema anajua, atalishughulikia. Na kweli alihangaika. Aliacha karakana, akavaa koti lake la kanisani, akaenda kwa mlinzi. Mlinzi akamtuma ofisi moja mjini, ofisi hiyo ikamtuma nyingine, na ile nyingine ikamwambia mkubwa yuko likizo, aje Januari. Alijaribu kueleza. Hebu fikiria seremala amesimama mbele ya karani akieleza kwamba anataka kuingia stoo ya serikali kumwita baba yake. Alirudi jioni, kola imelowa jasho. Guku alibadilisha maji ya lile tawi, ambalo majani yake yalikuwa yameanza kujikunja, na usiku nilimsikia akikohoa upande wa pili wa pazia.

Ndipo asubuhi moja baba akaamka mchangamfu kupita kiasi. "Mama, tumeruhusiwa," alisema. "Jiandae twende." Guku alitaka nami niende, kwa sababu nilipewa jina la mama yake babu, Minayo, na alisema Alfayo akimwona Minayo hatasita. Nilivalishwa rinda la Krismasi. Tulivuka mfereji, baba mbele, Guku katikati na tawi lake, mimi nyuma. Nilitegemea tungekata kushoto kuelekea seng'enge. Baba akakata kulia. Nikafungua mdomo, naye akageuka akanitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazama nalo tena hadi leo. Nikaufunga. Akatupeleka moja kwa moja hadi jiko la Bi Mwanaisha.

Bi Mwanaisha alikuwa amefagia, meko yamezimwa, meza imesukumwa ukutani. Alikuwa amejitanda buibui safi kana kwamba amekwenda matangani. "Karibu mama yangu," alimwambia Guku. "Nyumba ni yenu. Chukueni muda wenu." Halafu akanivuta shavu kidogo, akatoka nje. Mimi nilichanganyikiwa hadi nikataka kulia. Nilijua hili si Pipa lenyewe. Baba alijua. Bi Mwanaisha lazima alijua, kwa sababu alikuwa anakaanga mahamri hapo miaka na hapakuwa na maiti ya mtu. Lakini wote walikuwa na nyuso za msiba wa kweli. Nikaanza kufikiri kwamba labda mimi ndiye nisiyejua. Labda babu amekuwa humu siku zote, akitutazama tukila.

Guku alisimama mlangoni. Ilikuwa saa tatu au saa nne, na jua lilikuwa limeingia ndani, limefika katikati ya sakafu. Alilitazama lile jua, akaangalia nje mbele ya mlango ambapo hapakuwa na mti, akamgeukia baba. Alimtazama kwa muda mrefu. "Alisema jua la jioni," Guku akasema.

"Walizigeuza, Mama," baba akajibu. "Vita vilipoisha, walizigeuza zote."

Sijapata kusikia uongo mbovu kuliko huo. Nani hugeuza nyumba? Na mti je, waliupeleka wapi? Lakini Guku alitikisa kichwa polepole, akasema, "Wazungu," kama mtu anayekubali kwamba watu hao wanaweza lolote, akaingia. Baba alisimama ndani kitambo kidogo kisha akasema moshi unamchoma macho. Hapakuwa na moshi. Akatoka.

Tukabaki wawili. Guku alivua viatu, nami nikavua vyangu. Alilaza tawi sakafuni, akapiga magoti kwa shida, akamwita babu kwa jina lake lote na la baba yake. Kisha akaanza kumpa habari. Nilidhani itakuwa maombi, kumbe yalikuwa mazungumzo. Alimwambia ng'ombe wake mweusi alikufa ule mwaka alioondoka na kwamba ndugu yake alichukua shamba la chini mtoni, na asifikiri yeye hakupigana. Alimwambia, "Mtoto uliyemwacha tumboni ndiye yule amesimama nje. Ni seremala. Mkono wake ni mzuri, ila hana subira, na hiyo ni yako. Na huyu hapa ni mama yako, amerudi, mwone." Akanisukuma mbele. Sikujua nifanye nini nikiwa mama wa mtu aliyekufa, basi nikasema shikamoo, kama Bi Mwanaisha alivyonifundisha. Guku alicheka kidogo. Halafu alilia, bila sauti, akijifuta kwa kiganja.

Alipokwisha kulia alifukua udongo kwa kijiko pale saruji ilipokuwa imebomoka kando ya ukuta, akaumimina kwenye kitambaa cheupe. Kabla hajakifunga aliinua uso, akazungusha macho mle ndani, kwenye mbavu za chuma zilizoshika mabati, kwenye pembe yenye magunia ya unga. Akasema kwa Kilogooli, lugha ya kwetu, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayekaribisha wageni mlangoni: "Na kama si Alfayo, wewe uliyemo humu, yeyote uliye, toka twende. Kwetu kuna nafasi." Akafunga fundo. Mimi nilidhani ndivyo shughuli hiyo inavyomalizwa, kama watu wanavyosema amina.

Hakumsalimu mtu tena tangu hapo. Bi Mwanaisha alikuwa amefunga mahamri kwenye gazeti kwa ajili ya safari, mengi mno kwa mwanamke mmoja asiye na meno ya kutosha, na hakuudhika Guku alipopita bila neno. Alinikabidhi mimi. Baba akaondoka na mama yake jioni hiyo, baba akisalimu watu njiani kwa niaba yao wawili, Guku kimya na kitambaa mapajani hadi Vihiga. Shina la mgomba lilizikwa, watu wakalia, baba akarudi baada ya mwaka mpya akiwa amekonda. Hakuna aliyenieleza chochote. Nilikataa kula mahamri kwa juma zima, kisha nikashindwa.

Tulipokwenda nyumbani likizo zilizofuata nilikuta tuta dogo nyuma ya nyumba ya Guku, limepangwa mawe meupe. Kila asubuhi alikwenda na kikombe cha chai, akamwaga kidogo juu ya tuta, akanywa iliyobaki amesimama, akiongea. Alilalamika bei ya sukari, akasengenya majirani. Kifua kiliacha kumsumbua. Aliishi miaka mingi kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Siku moja, nikiwa msichana mkubwa, nilikuwa nimekaa mlangoni nikimsikiliza, akanigeukia akasema, "Alfayo alikuwa mtu wa makelele. Alikuwa anaweza kugomba na sufuria. Huyu ni mpole sana." Nikasema labda vita vilimpoza. Akasema labda. Alipokufa alizikwa kando ya tuta lile, kama alivyotaka.

Sasa nije kwa haya ya juzi. Mimi naishi upande wa Kitisuru, kwa matajiri, na nisieleweke vibaya, ni nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa ya watu wengine. Baba amebaki Kabiria, mjane, haoni vizuri jicho moja. Alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini mjini. "Minayo, wanabomoa Mapipa. Kuja na gari." Nilimwambia niko kwenye mkutano. "Kuja," akasema, akakata.

Nilimkuta kando ya mfereji amevaa koti. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kipya na tawi lililofungwa kwa jani la mgomba. Lilikuwa limesafiri kwa basi usiku. Alikuwa amemwagiza binamu yangu alitume. Ng'ambo ya pili kulikuwa na vumbi na ngurumo. Mapipa ya upande wa barabara yalikuwa yamekwisha kulala. Watu wachache walikuwa wamebeba mabango ya kutaka majengo ya kihistoria yaokolewe, na kijana mwenye kamera akanikimbilia akaniuliza kama nina kumbukumbu zozote za mahali hapa pa mashujaa wa vita. Nilifikiri. "Nilikuwa nanunua mahamri," nikamwambia. Akashusha kamera.

Tukazunguka hadi lango la seng'enge, ambalo sasa lilikuwa la mabati ya buluu. Kijana wa zamu akatuzuia. "Mzee, pole, huku hakuna kuingia. Tukipatikana na mtu ndani, job imeisha." Kisha akanigeukia: "Madam, hebu ongea na mzee wako."

Baba hakungoja niongee. Aliniambia mimi, lakini kwa sauti ambayo kijana alisikia pia. Aliniambia kwamba ile siku alinyimwa ruhusa, kwamba alimwomba Bi Mwanaisha jiko lake usiku uliotangulia, kwamba alimdanganya mama yake. Kwamba aliyezikwa nyumbani ni udongo wa jikoni. Kwamba baba yake, ambaye hajawahi kumwona, amebaki ndani ya ua huu miaka yote akisikia mtoto wake akipiga misumari Barabara ya Ngong. "Na mama amelala na kitu cha bure," alisema. "Leo wakililaza hili la mwisho, nitamtafutia wapi?"

Kijana alitazama pembeni. Alitazama pande zote mbili za barabara, akafungua lango kiasi cha mtu kupita. "Fanyeni haraka," akasema. Tukaingia, na tukaona tumechelewa. Hapakuwa na Pipa la mkaratusi, wala la nyuki, wala lililozama. Tingatinga lilikuwa limeyasukuma yote katikati, mabati ya hili juu ya saruji ya lile, mti umelala juu yake, rundo moja refu kama nyumba. Hata sakafu zilikuwa zimeng'olewa. Ramani yangu ya miaka tisa haikunisaidia kitu. Sikuweza hata kusema machweo yako upande gani mpaka nilipotafuta jua. Baba alizunguka rundo lile na tawi lake, akisimama hapa, akisimama pale, na nilipoona anaanza kupapasa mabati kwa mkono nilishindwa kuvumilia.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia lile neno la mwisho la Guku, kwa Kilogooli chake, kama alivyolisema. Nikamwambia kuhusu jua mlangoni na jinsi alivyomtazama. Nikamwambia kuhusu yule mpole.

Baba alisimama wima. "Alisema hivyo? Kama si Alfayo?"

"Alisema."

"Na wewe umekaa nayo?"

"Nilidhani ni kama amina, Baba."

Sijui nilitarajia nini. Nilidhani atafarijika, na pengine alifarijika, lakini kwanza alikasirika. Alinikasirikia mimi, akamkasirikia mama yake aliyemwacha abebe uongo huo hadi uzee ilhali anaujua. Kisha akaanza kucheka, akashika tumbo, machozi yakamtoka, akasema, "Walizigeuza! Mama alikubali eti walizigeuza!" Dereva wa tingatinga alizima mashine akatutazama. Katika ukimya ule baba alivua viatu. Nikavua vyangu, vya ofisini. Akalaza tawi kwenye kifusi, akamwita Alfayo kwa jina lake lote. Hakuwa na habari nyingi za kumpa. Nadhani aliona haya mbele ya mtu asiyemjua. Alisema tu, "Mimi ndiye yule wa tumboni." Akachota udongo. Na kabla hajafunga fundo, akainua uso kuelekea lile rundo zima akasema yale yale: yeyote aliyemo, atoke, kwetu kuna nafasi. Niliendesha gari hadi Vihiga siku hiyo hiyo, baba kando yangu kimya, na kila tulipofikia kizuizi cha polisi mimi ndiye niliyesalimu.

Pale kiwanjani sasa wanajenga magorofa. Nimepita juzi nikaona picha yake kubwa langoni, watu weupe kwa weusi wakitabasamu kando ya bwawa la kuogelea, na nilijitahidi kubaini jiko la Bi Mwanaisha lingekuwa wapi, chini ya bwawa au chini ya maegesho. Hakuna harufu yoyote hapo isipokuwa ya saruji mbichi. Waliobeba mabango walikuwa na haki, nadhani, ingawa sijui kama tulitaka kuokoa kitu kimoja. Zamani nilikuwa mtoto niliyejua kila Pipa na sikujua watu wazima wanafanya nini. Leo mimi ni mtu mzima, Mapipa hayapo, na bado sijui. Baba ametulia. Analala vizuri, hilo namshukuru Mungu.

Nyumbani Guku amelala katikati ya matuta mawili. Binamu zangu wadogo huniuliza lipi ni la babu, nami huwaambia wamwage chai kote kuwili. Huyu wa pili huenda ni Alfayo, au ni Alfayo na wengine, maana rundo lile lilikuwa la Mapipa yote. Lakini yule wa kwanza, yule mpole, ndiye anayeninyima raha. Wakati wa vita watu walitoka kila upande wa nchi hii kuja kufanya kazi kiwanjani pale, na huenda kuna nyumba mahali fulani ambako bado wanamngoja mtu wao. Basi kama kwenu kuna mzee aliyekwenda vitani Nairobi asirudi, msimtafute kwenye magorofa. Huenda tunaye sisi. Alipata mke, akakaa naye vizuri, na kila asubuhi anapewa chai.